HAKI ZA WAZEE: KUTOKA KIJIJINI MPAKA UMOJA WA MATAIFA
Somo la vikundi

Somo la toleo hili linahusu watu walio katika kila boma, yaani wazee wetu. Vikundi vingi vina nyanya na babu ndani yake, na vingine ni vya akina nyanya watupu wanaolea mayatima. Kwa hiyo hatuongei juu ya watu wa mbali.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Huku kwetu tukisema "wazee" wengi hufikiria wanaume wanaokaa viti vya mbele kwenye baraza la chifu. Katika somo hili tunasema juu ya kila mtu, mwanamke au mwanamume, aliyefika miaka 60 au kupita. Ndivyo Katiba ya Kenya inavyosema. Mjane wa miaka 75 ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kusimama barazani, huyo naye ni mzee wa somo hili. Pengine yeye kuliko wengine wote.

Shabaha ya somo

Mwisho wa somo wana kikundi waweze:
1. kueleza tofauti ya haki na sadaka;
2. kueleza kwa maneno yao wenyewe jinsi haki za wazee zilivyopiganiwa duniani;
3. kujua sheria zinazomlinda mzee hapa Kenya;
4. kupanga jambo moja la kufanya kijijini.

Gawanyeni somo katika mikutano miwili. Katibu aandike majibu ya wanakikundi, kwa sababu tutayatumia mwishoni.

A. MCHEZO MFUPI

Chagueni watu wanne waigize kwa dakika tano: nyanya mjane, mwanawe, jirani, na mzee wa kijiji.

Nyanya ana ekari mbili alizoachiwa na marehemu mumewe. Mtoto wa jirani ameugua ghafla na kufariki. Jirani anaanza kunong'ona: "Hizo mvi na hayo macho mekundu si bure." Mwana anasikia, ananyamaza. Usiku anamwambia mamake, "Mama, ni heri uende kwa dada mjini mpaka watu wapoe. Lakini kabla hujaondoka, weka kidole gumba hapa kwenye hii karatasi." Nyanya anauliza, "Mwanangu, karatasi inasema nini?" Mwana anamjibu, "Ni mambo ya shamba tu, Mama. Hutaelewa." Asubuhi mzee wa kijiji anaulizwa na watu naye anasema, "Hayo ni mambo ya nyumbani, sisi hatuingilii."

Simamisheni mchezo hapo. Msiumalize. Halafu jadilianeni:
- Mmeona nini?
- Nani alipata faida nyanya alipoondoka?
- Kati ya hawa wanne, sisi hapa kijijini huwa tunafanana na nani?

Mwelekezi asiwe na haraka na swali la pili. Kikundi kikifikiri vizuri kitagundua kwamba hadithi iliyoanza na uchawi imeishia kwenye shamba. Ndivyo ilivyo mahali pengi. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine wamekimbilia kituo cha kuwaokoa cha Kaya Godoma, huko Ganze. Wengine hupaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisionekane. Hebu fikirini: mvi ambazo zamani zilikuwa heshima, leo mtu anazificha ili aishi. Wala si pwani peke yake. Oktoba 2021 akina mama wanne, wengi wao wakiwa wazee, waliuawa huko Marani, kaunti ya Kisii, kwa tuhuma hiyo hiyo.

B. HAKI SI SADAKA

Tukimpelekea nyanya kilo mbili za unga wakati wa Kwaresima, hiyo ni sadaka. Ni jambo jema, na Mungu atalibariki. Lakini sadaka hutegemea moyo wa mtoaji. Nikiwa na moyo leo naleta, kesho nikikasirika siji. Haki ni kitu kingine. Haki ni yake tayari, hata kama hakuna anayempenda. Shamba la mjane ni lake hata kama mwanawe amenuna. Akienda zahanati ana haki ya kusikilizwa, asiambiwe tu, "Hiyo ni uzee, rudi nyumbani."

Kanisa linafundisha hivyo hivyo. Amri ya kuheshimu baba na mama haikupewa watoto wadogo peke yao. Ilipewa watu wazima wenye wazazi waliozeeka. Someni Yoshua bin Sira sura ya 3, mstari wa 12 na 13, mwone mwandishi anavyomkumbusha mtoto asimdharau baba hata akili zake zikipungua. Someni pia Luka sura ya 2, habari za Simeoni na nabii Ana, mjane wa miaka 84. Hao wawili walimtambua Mtoto Yesu hekaluni wakati wengine walimpita tu.

C. SAFARI NDEFU YA DUNIANI

Mtu anaweza kuuliza, "Kwani mambo ya Geneva na New York yanatuhusu nini sisi watu wa jembe?" Swali zuri. Tufuate safari yenyewe kwanza.

Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Kifungu cha 25 kinataja uzee pamoja na ugonjwa na ujane, kwamba mtu asiachwe bila msaada maisha yanapomshinda. Mwaka huo huo nchi ya Argentina ilipeleka pendekezo la tamko maalumu la haki za wazee. Halikupitishwa.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1982 mataifa yalikutana Vienna, Austria, katika mkutano mkuu wa kwanza wa dunia juu ya uzee, wakaandika mpango wa utekelezaji. Mwaka uliofuata, 1983, mashirika matano ya kutoka Kanada, Kolombia, India, Uingereza na Kenya yetu yaliungana kuunda HelpAge International. Kwa hiyo mtu akisema haya ni mambo ya wazungu, mwambieni Kenya ilikuwepo tangu msingi.

Mwaka 1990 tarehe 1 Oktoba ilitangazwa kuwa Siku ya Kimataifa ya Wazee. Mwaka 1991 zikapitishwa Kanuni 18 za Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wazee. Mwaka 1999 ukawa Mwaka wa Kimataifa wa Wazee, na Papa Yohane Paulo II, akiwa mzee yeye mwenyewe, akawaandikia wazee wenzake barua. Mwaka 2002 mkutano mkuu wa pili ulifanyika Madrid, Hispania, ukatoa mpango mwingine.

Mipango ilikuwa mingi. Lakini angalieni jambo hili. Wanawake walipata mkataba wao mwaka 1979. Watoto walipata wao mwaka 1989. Wafanyakazi wahamiaji wakapata 1990, na watu wenye ulemavu 2006. Wazee hawakupata mkataba wowote wa dunia nzima.

Ndipo mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ukaunda kikundi kazi cha kuchunguza kama kuna mapengo katika ulinzi wa wazee. Mwaka 2011 mashirika ya nchi mbalimbali yakaunda muungano wa kimataifa wa kutetea haki hizi. Mwaka 2014 akateuliwa Mtaalamu Huru wa kwanza wa haki za wazee, mama Rosa Kornfeld-Matte wa Chile, na mwaka 2020 akafuata mama Claudia Mahler wa Austria. Kikundi kazi kilikutana mara 14, mpaka mwaka 2024. Baadhi ya serikali zilikuwa zikisema sheria zilizopo zinatosha. Wazee na watetezi wao wakawa wanajibu kila mara, "Kama zinatosha, mbona tunateswa?"

Mwishowe, tarehe 3 Aprili 2025, Baraza la Haki za Binadamu huko Geneva liliamua bila kupiga kura kwamba liundwe kikundi cha serikali cha kuandika mkataba wenye nguvu ya kisheria juu ya haki za wazee. Brazil, Gambia, Ufilipino na Slovenia zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza. Tangu pendekezo la 1948 hesabuni wenyewe: miaka 77.

D. KWA NINI MPANGO HAUTOSHI?

Hapa ndipo wengi hupotea, basi tutumie mfano wa kikundi.

Mwanakikundi akikopa shilingi 5,000 kwa mdomo, akasema "nitalipa Mungu akijalia", mtamdai vipi asipolipa? Mtamkumbusha, mtamsihi, atasema mvua haikunyesha. Lakini kama aliandikwa kwenye kitabu cha mikopo, akatia sahihi, mashahidi wawili wakaweka majina yao na tarehe ya kulipa ikawekwa, hapo mna la kumwonyesha. Hata kama ni mkubwa kuliko ninyi, kitabu ni kitabu.

Mpango wa Vienna na ule wa Madrid ni kama ile ahadi ya mdomo. Ni maneno mazuri, lakini serikali isipotimiza hakuna wa kuishika mkono. Mkataba ni kitabu cha mikopo. Serikali ikiuridhia imetia sahihi mbele ya mashahidi, na inaweza kuulizwa mbele ya mataifa mengine imefanya nini. Tena hapa Kenya Kifungu cha 2(6) cha Katiba kinasema mkataba ambao nchi imeuridhia unakuwa sehemu ya sheria za Kenya.

Angalieni mfano wa watoto. Kenya iliridhia mkataba wa watoto mwaka 1990. Sheria ya Watoto ikapitishwa hapa mwaka 2001. Ilichukua miaka 11, lakini leo mtoto akiteswa, kila mtu anajua kuna ofisi ya watoto na kuna sheria. Mkataba haukuondoa mateso yote. Ulimpa jirani mahali pa kushika. Nyanya wa mchezo wetu naye anahitaji mahali pa kushika.

E. KANUNI TANO ZA KUSHIKA KWA VIDOLE

Zile kanuni 18 za mwaka 1991 zimegawanywa katika mafungu matano. Zihesabuni kwa vidole vya mkono mmoja:

1. Kujitegemea. Mzee apate chakula, maji, makao, matibabu na kazi anayoiweza. Anayejiweza asinyang'anywe jembe au kuku wake ati amezeeka.

2. Kushiriki. Asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Kikundi kikipanga mradi wa maji, je, nyanya anayeteka maji kwa shida ameulizwa kisima kiwe wapi?

3. Kutunzwa. Atunzwe na jamaa na jumuiya, apate daktari na ulinzi wa sheria, wala asilazimishwe kuishi asipotaka.

4. Kujiendeleza. Masomo ya ngumu mbaru, mafungo, nyimbo na michezo si vya vijana tu. Kuna nyanya waliojifunza kusoma wakiwa na wajukuu migongoni.

5. Heshima. Asipigwe, asitukanwe, asinyonywe mali yake. Athaminiwe hata kama hachangii shilingi nyumbani.

F. AFRIKA NA KENYA ZINASEMAJE?

Afrika ilitangulia Umoja wa Mataifa katika jambo hili, na tuseme hivyo kwa fahari. Tarehe 31 Januari 2016, huko Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Haki za Wazee. Ilihitaji nchi 15 kuiridhia ndipo iwe na nguvu, na ikaanza kufanya kazi Novemba 2024. Itifaki hii inataja wazi mambo haya: kumsingizia mzee uchawi, kumnyang'anya mjane mali, na mzigo wa nyanya wanaolea wajukuu.

Hapa Kenya tuna mambo manne ya kukumbuka:

Katiba, Kifungu cha 57. Serikali inatakiwa kuhakikisha mzee anashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, anajiendeleza, anaishi kwa heshima bila kuteswa, na anapata matunzo kutoka kwa jamaa yake na kwa serikali. Mwone neno "na". Jamaa isiseme ni kazi ya serikali, na serikali isiseme ni kazi ya jamaa.

Katiba, Kifungu cha 27. Kinakataza kumbagua mtu kwa sababu ya umri.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925. Ni ya kikoloni na ina mengi ya kulaumiwa, lakini inasema kumshtaki mtu hadharani kwamba ni mchawi ni kosa. Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Mwenye shaka apeleke neno lake kwa chifu au polisi, si kwenye soko au matangani. Watu wengi hawajui hili. Wanaonong'ona ndio wanaovunja sheria.

Inua Jamii. Serikali ilianza kuwapa wazee wachache fedha mwaka wa fedha wa 2006/2007, na tangu 2018 mlango ulifunguliwa kwa wenye miaka 70 na zaidi wasio na pensheni. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, na mara nyingine huchelewa sana. Lakini ni haki ya mzee, si ya mjukuu anayetumwa kumchukulia. Mjukuu akichukua 4,000 za miezi miwili akarudi na 1,500, huo ni wizi hata kama anamwita Nyanya kwa sauti tamu.

G. KUTETEA NI KAZI GANI?

Kutetea si kupiga kelele. Ni kuchukua neno la mtu asiyesikika na kulifikisha mahali panapoamuliwa, likiwa kweli, mpaka jibu lipatikane. Kikundi kinaweza kufuata hatua hizi:

Kwanza, sikilizeni. Mtembeleeni mzee watu wawili, pasipo wale anaowaogopa. Mwulizeni anataka nini. Wengine hawataki mtoto afungwe. Wanataka tu shamba lirudi na maneno yaishe.

Pili, andikeni. Tarehe, mahali, kilichotokea, nani alijulishwa, alijibu nini. Jina la mzee lisitoke nje ya kikundi bila ruhusa yake. Kwenye taarifa inayokwenda mbali andikeni tu "mjane, miaka 74".

Tatu, fikisheni. Anzeni karibu: mzee wa kijiji, naibu wa chifu, chifu, afisa wa maendeleo ya jamii. Kama ni shamba, nendeni mapema kwa msajili wa ardhi mkaulize habari za kuweka zuio kabla halijauzwa. Kama maisha ya mtu yamo hatarini, msipitie ngazi hizi. Kimbieni polisi siku hiyo hiyo na mzee apelekwe mahali salama. Kikundi kisijaribu kupambana na watu wenye mapanga.

Nne, unganeni. Nakala iende kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia. Kutoka parokia inakwenda jimboni, na kutoka hapo inaweza kufika kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na mashirika yanayopeleka taarifa Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Kwa njia hii neno la kijiji hupanda mpaka Geneva. Wale wanaoandika mkataba wanahitaji kujua mambo yalivyo, na anayejua ni yule anayeishi nayo. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa uaminifu kila mwezi, baada ya mwaka ni kurasa 12. Haba na haba hujaza kibaba.

Tano, fuatilieni. Barua isiyofuatiwa ni karatasi ya kufungia sukari. Wekeni tarehe ya kurudi kuuliza.

H. TAHADHARI MOJA

Somo hili lisitumiwe kuwapiga vijana. Wako vijana wengi wanaobeba wazazi wao kwa upendo huku hawana kazi wala shamba, na mara nyingine ugomvi wa nyumbani ni umaskini unaosema kwa sauti ya hasira. Pia wako wazee wanaoumiza wengine. Haki ya mzee haimpi ruhusa ya kumnyima mjukuu haki yake. Waalikeni vijana kwenye mjadala. Wao ndio watakaosoma barua za nyanya na kuangalia fedha zimefika au la. Tena wao ni wazee wa kesho, na sheria watakayoikuta ni hii tunayoipigania leo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu wazee wanaoishi peke yao ni wangapi? Nani aliwaona wiki iliyopita?
2. Je, kuna mzee anayenong'onewa uchawi? Ana shamba? Nani angelipata?
3. Wazee wenye miaka 70 na zaidi ambao hawajaandikishwa Inua Jamii ni nani? Wamekosa nini: kitambulisho, habari, au mtu wa kuwapeleka?
4. Katika kanuni tano, ni ipi inayovunjwa zaidi kwetu?
5. Katiba ya kikundi chetu inasemaje juu ya mwanachama anayezeeka na kushindwa kuchanga? Anatolewa, au ana nafasi?

KAZI YA KUFANYA

Chagueni jambo moja tu, na mtu wa kulisimamia, na tarehe ya kuripoti. Siku hizi nne zinaweza kuwasaidia: 15 Juni, siku ya kupinga mateso ya wazee, Jumapili ya nne ya Julai, Siku ya Mababu na Wazee iliyowekwa na Papa Fransisko mwaka 2021, 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee, na 10 Desemba, Siku ya Haki za Binadamu. Mwombeni chifu nafasi kwenye baraza siku mojawapo, mwigize mchezo ule wa mwanzo, na safari hii kijiji kizima kiseme ulipaswa kumalizika vipi.

Mkifika hapo, mwacheni mjane mmoja asimame aseme yeye mwenyewe, na akiwa amechoka mpeni kile kiti cha mbele.